Siku Eunike Alipocheza Mwalimu

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, uliyekubali kuketi juani pamoja nasi; Mchungaji; wazee wa koo; wazazi; walimu wenzangu; na ninyi wanafunzi mlioambiwa mnyamaze tangu saa mbili: nawasalimu nyote.

Walionitangulia wamesema kwamba kwa miaka ishirini na sita mimi, Mwalimu Kaanaeli, nimewafundisha watoto wa mlima huu adabu. Ni kweli. Naomba nieleze nilivyowafundisha.

Mwaka wa pili baada ya vita, wazazi walilalamika kwamba watoto wa darasa la kwanza wamekuwa wakali, wanapigana na kutukanana. Nani anawaharibu? Tukaunda kamati, mimi nikiwa mwenyekiti. Tuliwashuku wachuuzi wa sokoni, tukawashuku askari waliorudi kutoka Burma. Kamati ilifanya kazi nzuri sana: ilimshuku kila mtu ambaye hakuwa mjumbe.

Asubuhi moja, wakati wa mapumziko, nikajibanza nyuma ya migomba ili nimkamate mkosaji. Watoto walikuwa wakicheza shule. Mwalimu alikuwa Eunike, binti wa miaka minane, mikono mgongoni, akikohoa kabla ya kila neno. Lesikar, mtoto wa Mzee Sironka, akamuuliza swali aliloniuliza mimi juzi yake: "Mwalimu, kwa nini mvua huanzia mlimani?"

"Mjinga wewe," akasema Eunike. "Hilo ni la darasa la mbele." Akamchapa kwa tawi la mbuni, akamchapa tena, mpaka sikio likatoka damu.

Nikatoka mbio. "Eunike, nani amekufundisha kumpiga mwenzako hivi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini Mwalimu, mimi nilikuwa wewe."

Lesikar akakimbilia kwao Oldonyo Sambu, hakurudi. Wiki nzima nilingoja kamati ijadili jambo hilo, lakini mwenyekiti hakuiitisha. Usingizi ulinipaa. Jumamosi nikamchukua Eunike na mama yake, tukaenda.

Mbele ya Mzee Sironka nikasema, "Lesikar, ulipata kipigo kwangu kabla hujakipata kwa Eunike. Nilikupiga kwa sababu sikujua jibu. Nisamehe."

"Mwalimu," akauliza mzee, "unamwomba mtoto radhi?"

"Ndiyo, mzee."

Eunike, ambaye hakuna aliyemwambia neno, akasogea akasimama kando yangu. "Nisamehe na mimi, Lesikar," akasema.

Miaka yote niliyohubiri adabu ubaoni, sikuwahi kuona somo likishika upesi namna ile.

Jumatatu Lesikar alikuwa darasani. Akanyoosha mkono. Sikumbuki aliuliza nini. Nakumbuka kwamba kabla sijafungua kinywa, watoto arobaini waliacha kumtazama yeye, wakanigeukia mimi kuona nitafanya nini.

Wazazi wenzangu, ndivyo wanavyotutazama hata sasa.

Kwa kuwa mmenivumilia na kunisikiliza mpaka hapa, asanteni sana.