Laini ya Stima na Miche Isiyo na Mwenyewe

Benchi langu liko Waithaka, kando ya barabara, mkabala na duka la dawa, na mimi Dedan ndiye ninayewauzia kahawa hawa watu wenye maneno mengi. Kahawa yenyewe ni ya tangawizi, kali, na mtu hafiki nusu kikombe kabla hajawa mtaalamu. Mbaluka tunamwita Waziri, kwa sababu alifagia ofisi ya wizara fulani huko mjini hadi akastaafu, na mpaka leo anasema "sisi wa wizarani". Wesonga hufunga dishi za televisheni, kwa hivyo ni Satelaiti. Ngina ni Mama Miche. Nyuma ya benchi, kwenye ardhi ya serikali isiyojengwa, amepanga vifuko vya miche ya parachichi na maua, na hiyo ndiyo imesomesha watoto wake. Mchana huo alikuja, akakaa, hakuitisha hata sukari.

Waziri: Mama Miche, mbona umenuna hivyo?

Mama Miche: Nimetoka kwa ofisi ya chifu. Ile laini kubwa ya stima itapita hapa. Hapa hapa, juu ya miche yangu.

Satelaiti: Si walisema wataangalia mazingira kwanza?

Mama Miche: Wameangalia. Ripoti imebandikwa hapo nje. Wenye vibanda kule chini wameandikwa, watatafutiwa pahali pa kuhamia. Hapa wameandika hakuna mtu, hakuna kazi inafanyika. Nyasi tu. Mimi Ngina ni nyasi!

Nilimwongezea kahawa bila kuulizwa. Kila siku namwona huyu mama akimwagilia, mgongo umepinda, halafu mtu anakuja kuandika nyasi! Nilisikia uchungu kweli.

Satelaiti: Mimi nawaambia, walitumia satelaiti. Hakuna mtu amekanyaga hapa. Na ukiwa huko juu, Mama Miche akiinama na hiyo leso yake ya kijani, anaonekana kichaka.

Mama Miche: Wewe Wesonga, nani kichaka?

Waziri: Wachana naye. Sisi wa wizarani tunajua hii mambo. Injinia hachori laini akiwa shambani. Anachora kwa meza. Akiweka kikombe cha chai kwa ramani, kinaacha duara, na yule wa chini yake anafikiri hapo ndipo nguzo inasimama.

Satelaiti: Na mbona haikupita Karen, kwa matajiri?

Waziri: Karen kuna mbwa.

Satelaiti: Mbwa atazuia stima?

Waziri: Mbwa anazuia seveya, yule wa kupima ardhi! Seveya akibwekewa mara mbili anapeleka laini upande mwingine. Hiyo ndiyo inaitwa tathmini ya mazingira.

Satelaiti: Zii! Shida ni parachichi. Parachichi iko na mafuta, na stima inapenda mafuta. Wanafuata hiyo miche makusudi. Laini ikipita hapa, parachichi itaiva usiku mmoja.

Waziri: Na ukiimenya bila glavu, inakurusha.

Wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo. Mama Miche hakucheka.

Mama Miche: Mwisho wa kupeana maoni ni leo. Baraza ni saa nane, kwa chifu.

Waziri: Leo? Na hukutuambia!

Mama Miche: Niliwaambia wiki jana. Mkaniuliza kama kutakuwa na soda.

Hapo hasira zikanipanda. Nikasema kwani hao watu wa mazingira ni wa aina gani, wanaandika ripoti bila kuuliza wenye mtaa? Wote wakaniunga mkono, Satelaiti akipiga benchi kwa kiganja.

Sasa, kulikuwa na msichana amesimama hapo na kikombe chake, Veronicah, amehamia juu ya duka la dawa juzi tu. Alikuwa akingoja nimpimie.

Veronicah: Samahani wazee. Si kuna mtu wa jaketi ya njano alikuja, kabla mvua ianze? Nilimwona kwa dirisha. Alikuwa anauliza watu nani anafanya kazi kwa hii ardhi.

Satelaiti: Huyo? Huyo alikuwa kanjo.

Waziri: Kanjo kabisa. Viatu safi, halafu anauliza "hii biashara ni ya nani". Nani mwingine huongea hivyo?

Veronicah: Alisema ametumwa na kaunti?

Satelaiti: Alisema ni wa mazingira. Lakini kanjo pia wako na watu wa mazingira. Si ndio hushika watu wa takataka?

Veronicah hajakaa Nairobi sana. Hajui kwamba kanjo, askari wa kaunti anayekamata wasio na kibali, akiuliza biashara ni ya nani, hapo hapo biashara inakosa mwenyewe. Hata mwenye jiko linalowaka atakuambia amelikuta likiwaka.

Veronicah: Kwa hivyo aliuliza. Mlimjibu nini?

Waziri akachungulia kikombe chake. Satelaiti ghafla akawa na kazi ya kufunga kamba za viatu.

Mama Miche: Aliniuliza mimi. Nilikuwa nimeshika mkebe, maji yanamwagikia miguu yake. Akasema, "Mama, hii miche ni yako?" Nikamwambia, "Hapana, mimi napita tu."

Hakuna aliyemcheka. Aliinuka, akachagua mche mmoja wa parachichi, akaupangusa matope na leso.

Waziri: Ngina, ngoja. Ukisema mbele ya baraza ni yako, kanjo nao watasikia. Huna kibali. Watakuja na lori.

Mama Miche: Wasikie.

Akavuka barabara na mche wake, hakuangalia nyuma.

Veronicah: Na wakimuuliza nani alimwona akipanda hapa, atasema nani?

Waziri na Satelaiti walikuwa wananiangalia mimi, wamenyoosha vikombe niwaongezee. Nikavichukua, hata kile cha Waziri kilichokuwa na kahawa bado, nikaimwaga chini, nikafunga chupa.

"Simameni, twende kwa chifu," nikawaambia.