Shaabani Aliyenyamazisha Vigelegele vya Kilo

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Mzee Shaabani Nzeyimana anaacha kazi baada ya miaka ishirini na tisa ya kupima watoto kwenye kituo chetu cha afya, hapa mtaani kwetu Buyenzi. Wakubwa walitafuta mwenye diploma wa kumwandikia maneno ya kumuaga, wakakosa mwenye muda. Nikasema nipeni mimi, Bibi Odette, mpishi wa uji. Jiko langu na chumba chake cha mizani vimetenganishwa na ukuta mmoja tu, hakuna anayemjua kunishinda. Mi nimesema, Joëlla wa mapokezi ameandika. Mkiona kosa, ni la Joëlla.

Shaabani aliingia mwaka 1996 kama mfagiaji. Mpimaji wa wakati ule alihama, naye akaambiwa ashike mizani kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo zinaisha Ijumaa.

Ilikuwa vita. Watoto waliletwa wepesi kama nguo iliyokauka kwenye kamba. Mtoto akiongeza kilo moja, ilikuwa habari ya kutangazia mtaa mzima, na Shaabani akaitangaza kweli. Alitaja kilo kwa sauti ya muadhini, na akina mama kwenye mabenchi wakajibu kwa vigelegele. Mi nilitoka jikoni na mwiko mkononi kupiga changu. Mama aliyeingia amejifunika uso alitoka ameinua kichwa. Tulishazika watoto miaka ile. Asiyeelewa vigelegele vile asitucheke.

Utani hajawahi kukosa. Kuna fundi wa gereji, Avenue ya kumi na nne, aliyeleta mbuzi kabla ya Idi ili ajue kama amepunjwa. Shaabani alimtazama mbuzi, akamtazama fundi, akasema, "Huyu hana karte ya chanjo. Umurudishe." Mama aliyemnywesha mtoto chupa nzima ya uji mlangoni alimjua. Bangili zilizofichwa ndani ya soksi alizijua kabla mtoto hajaninginia kwenye mizani.

Maana ilifika wakati wakawa wanashindana. Vita iliisha, vigelegele vikabaki. Kilo zikawa kama madaraja ya shule, na mtoto wa kwanza kwa kilo ndiye mwenye mama bora.

Na wa kwanza kuliko wote alikuwa mjukuu wangu, Bella. Miaka mitatu na nusu, kilo ishirini na mbili. Siku ile Shaabani alitangaza mpaka mafundi wa ng'ambo ya barabara wakatoka kuangalia. Nilirudi nyumbani naye kwa miguu, polepole, ili kila avenue ituone.

Alipofika miaka sita, Bella alikuwa anakoroma kama mtu mzima na magoti yanamuuma. Shuleni wenzake walikimbia, yeye akakaa ukutani kuwashikia sweta. Nikamleta kituoni nikitaka dawa ya magoti. Muuguzi Amélie akampima kilo, akampima na urefu, akamwonyesha Shaabani karatasi ya ukuaji: alama ya Bella ilikuwa juu ya mistari yote. Amélie akasema tukiendelea hivi sukari na presha vitamfuata akiwa bado kijana. Shaabani akakaa kwenye benchi la akina mama, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa.

Siku ya kupima iliyofuata mama wa kwanza alipoinua mdomo kupiga kigelegele, akamzuia kwa mkono. Akasema mbele ya watu wote, "Mama zangu, mi njo nilikosea. Apana nyinyi. Mi njo niliwafundisha kushangilia kilo peke yake. Leo tunaacha."

Mi nilitoka jikoni kama moto. "Shaabani! Unataka mutoto wangu akonde, watu waseme kwetu kuna njaa?"

"Bibi, nani anamupa fanta asubuhi?"

"Mi! Na mandazi pia! Na sahani ya pili! Unanifunga?"

"Nakuuliza tu."

Sikuongea naye siku kumi na moja. Nilimpelekea chai bila sukari ili kumkomoa, yeye aliyekuwa anatia vijiko vitano. Akainywa, akarudisha kikombe, akasema asante, ni nzuri. Kila siku, siku zote kumi na moja. Mtu akinywa hasira yako namna hiyo, utamfanya nini?

Ya kumi na mbili nikamkaribisha nyumbani. Akamkalisha mwanangu Valéry, baba yake Bella, akamkalisha mkwe wangu Irène, akanikalisha na mimi. Valéry alikuwa anamletea Bella chipsi kila jioni kwa sababu mchana hamuoni. Irène alimtilia biskuti kwenye mkoba wa shule asidharauliwe. Mi mnanijua. Kila mmoja akaanza kumnyooshea mwenzake kidole, mpaka Shaabani akasema, "Bella hana mufuko, hana sufuria, hajui njia ya soko. Kila kitu kilichoingia mudomoni mwake kilipita mukononi mwenu. Basi musimuite munene, na musimunyime chakula. Mubadilishe sufuria ya nyumba yote."

Tulibadilisha. Mboga za lengalenga, maharage, samaki wadogo wa ndagala, na papai mahali pa biskuti. Mafuta nikayapima kwa kijiko, mi niliyekuwa namimina kwa jicho. Fanta ikabaki ya Idi na harusi. Valéry akaacha kumpeleka shule kwa pikipiki. Wakawa wanatembea wote wawili, na ndipo nikagundua kwamba mwanangu naye ana tumbo. Haikuwa rahisi. Bella alilia, mi nililia zaidi, na mara mbili nilimpa mandazi nyuma ya mlango. Nimekiri, imeisha.

Kituoni Shaabani hakuacha watu bila furaha. Mwembamba akiongeza, bado tunashangilia, kwa sababu wembamba bado tunao. Lakini sasa urefu unapimwa pia, na mzazi anaulizwa jana alipika nini, baba pia, kama amekuja. Akina baba wameanza kuja. Baadhi wanadanganya kuhusu mboga, lakini wanakuja.

Wakubwa watamsifu kwa uaminifu na kwa kufika mapema, na ni kweli. Mi namsifu kwa sababu alikosea mbele ya watu, akajirekebisha mbele ya watu hao hao. Wanaume wa namna hiyo sijahesabu wakajaa kiganja.

Bella sasa ana miaka tisa. Jana asubuhi alikula kiazi na yai, akaacha nusu ya kiazi, akasema, "Bibi, nimeshiba." Mkono wangu ulikwenda wenyewe kusukuma sahani, nikaurudisha chini. Akatoka mbio kuwafuata wenzake, na mi nikabaki mlangoni nikimtazama mpaka kona, bila kumwita arudi amalizie.

Asante, kaka yangu Shaabani, kutoka jikoni, mapokezi, chumba cha chanjo na nyumba zote za avenue zetu. Mungu akupe uzee wa magoti mepesi.