Siku Kumi na Moja za Dago

Nani kati yenu alimpeleka Haitham dago?

Msitazamane. Nimekuiteni wanangu watatu, Jecha, Zubeir na Nahla, nikiwa bado nina sauti, na hilo ndilo la kwanza katika wosia wangu. Mlidhani nitaanza na mashamba. Mashamba Mungu keshayagawa, kila mmoja na fungu lake, kwa hiyo hamna haja ya kunipangia mito vizuri hivyo.

Sikilizeni. Haitham, yule mtoto wa marehemu dada yenu, hanirithi, kwa kuwa nyinyi mpo. Basi theluthi ninayoruhusiwa kuusia nimemwandikia yeye: nyumba hii na mikarafuu ya nyuma. Zubeir, nimekusikia ukikohoa. Kohoa, baba, ila karatasi anayo kadhi.

Mwaka jana aliichukua pikipiki ya jirani akaivunja, na hakimu badala ya kumfungia akamwacha nyumbani chini ya uangalizi, asitoke shehia hii bila ruhusa ya afisa wa ustawi. Miezi minane hakutoka. Hata harusi ya Pujini alikataa kwenda mpaka afisa aandike. Msimu ulipoingia mkahamia dago, kambini Konde, kuchuma karafuu, naye akapotea siku kumi na moja. Sasa afisa anaomba uangalizi ufutwe, mtoto apelekwe kizuizini, na Jumatatu ndiyo siku yake.

Mimi mama yenu nimekalia kiti cha hakimu miaka ishirini na miwili. Hakimu hamfungii mtoto kwa kuwa afisa kachoka naye. Huuliza sharti limevunjwa kweli, na ushahidi uko wapi. Huuliza kama mtoto alivunja kwa kusudi au alidanganywa na mkubwa aliyemwamini, na kama hakuna njia nyepesi iliyobaki. Lakini Haitham akiulizwa husema, "Niliondoka tu." Hakimu afanye nini, apige ramli?

Alirudi vidole vyeusi, ananuka karafuu hadi nywele. Mtoro gani huyo anayekimbilia kazi? Na dago ni kibanda kimoja na sufuria moja, hajifichi mtu humo. Nahla, wewe ulipeleka mchele mara mbili, ukarudi kimya, nawe si mtu wa kimya. Zubeir, ulilalamika kutwa kwamba wachumaji hawapatikani. Jecha, tangu hati ya wito ije huingii chumbani humu ila kukiwa na wageni. Wote mlikula naye sahani moja, kisha mkaja kuniuliza, kwa nyuso za matanga, mtoto kapotelea wapi.

Nipe maji, Nahla. Kidogo tu.

Nizikeni siku ile ile, bila hotuba za kunisifu; mnaonisifu nakujueni. Na ikiwa nitakufa Jumatatu, aliyemchukua asije makaburini. Aende mahakamani kwanza, mimi nitamsubiri.

Mungu akupeni watoto wa kukuaminini... na akupeni haya usoni, msiwadanganye. Radhi zangu mnazo. Wawili mnazo. Wa tatu... zimo mdomoni mwake mwenyewe.

Mkono huu ni wa nani? Jecha. Usininong'oneze. Sema, wenzako wasikie.

"Ni mimi, mama. Nilimwambia ruhusa nimeshamwombea. Kwa afisa sikwenda kabisa."