Gunnvor Sletthaug na Ski za Tolgvang

Tarehe 30 Aprili, Gunnvor Sletthaug anastaafu mbio za ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, baada ya kuiwakilisha klabu yetu ya Storlia kwa misimu kumi na tisa. Ameanza mbio 412 na kumaliza 409. Mbili alizikatiza kwa homa. Ya tatu, ili kumfunga bandeji mpinzani aliyevunjika mkono.

Alijiunga nasi akiwa na miaka kumi na saba. Kocha Ragnhild Moseng aliandika wakati huo kwamba msichana huyu hana mwendo wa kupendeza, ila hupanda mlima kama anayekwenda kudai haki yake. Tathmini hiyo haijahitaji marekebisho. Upandaji huo umezaa mataji matatu ya taifa ya kilomita thelathini na misimu sita katika timu ya taifa.

Ragnhild alipomwamuru apumzike siku moja ya Agosti, Gunnvor alizunguka vinamasini kwa saa saba akichuma multe, matunda ya porini ya rangi ya dhahabu, kisha akaandika katika daftari la mazoezi: mapumziko. Alikoyachuma hakumwambia hata mama yake. Katika hilo hatofautiani na sisi sote: kwetu, penye multe ni siri ya mtu.

Lipo jambo moja ambalo kumbukumbu za klabu zimelieleza vibaya. Miaka minane iliyopita, huko Tolgvang, zilifanyika mbio za mwisho za kuteua timu ya mashindano ya dunia. Joto lilikuwa sifuri, theluji mpya ikianguka juu ya kuukuu. Mpakaji wetu wa nta, ile inayopakwa chini ya ski ili zishike theluji mlimani na bado ziteleze, Torleiv Brekkom, alichagua nta laini ya kunata. Alikosea. Theluji iliganda chini ya ski, na Gunnvor akawa anatembea pale wenzake walipoteleza. Alikuwa wa ishirini na tatu. Nafasi ilikwenda kwa mwingine, wala hakuipata tena.

Kwetu, anayeshindwa husema nta haikukaa. Udhuru huo hukubaliwa hata ukiwa wa uongo; siku hiyo ungekuwa kweli tupu. Waandishi walipomuuliza, Gunnvor alijibu, "Ski zilikuwa nzuri. Miguu ndiyo iliyogoma." Ndivyo kitabu chetu cha matokeo kilivyoandikwa.

Torleiv, aliyekuwa amepaka nta kwa miaka thelathini na minne, alirudisha funguo za kibanda cha klabu cha kupakia nta. Jumamosi iliyofuata Gunnvor alimfuata nyumbani, ski begani. Mkewe Torleiv anasimulia kuwa mumewe hakutaka kuinuka mezani. Alidai amezeeka, na hawezi tena kuisoma theluji.

"Basi kazeekee kibandani, mzee," Gunnvor alimwambia. "Kesho nina mbio, na mimi nta naipaka kama siagi."

Torleiv alizichukua zile ski. Hajakosa kibandani Jumapili hata moja ya mbio tangu hapo.

Mwezi uliopita Torleiv alikuja ofisini akataka kitabu cha matokeo kifunguliwe ukurasa wa Tolgvang. "Andikeni sasa, ningali hai," alisema. "Nta ilikuwa yangu, na kosa langu. Miguu ya yule binti haikugoma."

Kitabu kimesahihishwa kwa wino, na sahihi ya Torleiv iko pembeni. Gunnvor alipoarifiwa, aliwasilisha pingamizi la maandishi. Kamati imelijadili na kulikataa kwa kauli moja.

Ahsante, Gunnvor. Nenda salama, ukaishi kwa afya na amani. Na uamuzi wa kamati hauna rufaa.