Vipimo Anachagua Mashine

Kijiwe chetu ni mbao nne juu ya matofali, kila mtu na ubao wake, na chupa moja ya kahawa inayozunguka. Hapa ndipo Vipimo, ambaye futikamba haimtoki mfukoni, anapochagulia mashine yake ya kwanza ya kufyatua misumari. Anataka kumtengenezea mkewe kabati. Mama wa watu anaweka nguo kwenye sanduku la safari tangu waoane, mwaka wa tisa huu, na juzi alisema amechoka. Sisi tukamwambia Vipimo kwamba mwanamke akisema amechoka, bado ana nguvu. Tulicheka sana siku hiyo.

— Nimekata shauri, alisema Vipimo jana asubuhi. Nachukua ya betri.

— Betri itakufia katikati ya msumari, akasema Volti, fundi redio. Chukua ya hewa.

— Ya hewa inataka kompresa. Nitaiweka wapi, kitandani?

— Iweke. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Stoo, aliyetunza ghala miaka thelathini na hajawahi kupigilia hata msumari wa kutundikia kofia, akasema ugomvi si mashine, ni msumari: mwembamba haushiki, mnene unapasua mbao. Kuna mashine zinakuja, akasema, zenye masikio.

— Unaigusisha kwenye ubao, inausikiliza, inachagua msumari yenyewe.

— Na ubao ukinyamaza? nikauliza, maana sikutaka kupitwa.

— Basi haujawa tayari. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kwa hiyo wewe subiri.

Hakuna aliyemsahihisha. Vipimo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa dawa. Ningeweza kumwambia nyundo anayo, misumari anayo, aende nyumbani. Nikamimina kahawa. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Ndipo akatokea kaka wa mkewe, sanduku la kahawia begani. Vipimo alilitambua sanduku kabla ya kumtambua mtu.

— Karibu kahawa, shemeji. Dada yako anasafiri? Mbona sikumwona akifunga mizigo?

— Hakufunga kitu, shemeji. Nguo zilikuwa sandukuni tayari.

Volti alicheka, akajiona yuko peke yake, akaacha. Vipimo alitoa futikamba, akaivuta kidogo, ikajirudia yenyewe. Akaanza kueleza kwamba asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekata shauri, ya betri, waulize hawa. Tukaangalia chini.

Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Hata kahawa aliishika, hakuinywa.

— Sawa. Ila dada kanituma kitu kimoja tu. Zile mbao nne za kabati, alizonunua mwenyewe mwaka ule wa kwanza. Ziko wapi?

Vipimo alinitazama mimi, mimi nikamtazama Stoo. Tulikuwa wanne, kila mmoja ameukalia ubao wake, na hakuna aliyenyanyuka.