Kiatu cha Kushoto

Asubuhi hiyo kijiwe kilipata viti vipya, tena vya bure. Ukumbi wa sinema wa ng'ambo ya barabara, uliofungwa miaka nenda miaka rudi, ulikuwa unakarabatiwa, na mafundi wakatoa nje safu nzima ya viti vya kukunja. Kinyozi akavikokota hadi mbele ya kibanda cha fundi viatu, kahawa ikamiminwa, na hata vikombe havijapoa maneno yakawa ni lile dude la sinema waliyoiona utotoni humo ndani, yeye, fundi viatu na rafiki yao dereva wa lori.

Kinyozi alishikilia kwamba dude lilikuwa na jicho moja. Dereva huyo, wanayemwita Honi, akasema jicho moja wapi, lilikuwa na vichwa viwili na kimoja kinavuta sigara. Kinyozi hakukubali kushindwa: akadai lilitoa mkono nje ya pazia likampapasa utosini, ndiyo maana hadi leo hapo nywele hazioti.

— Huo ni upara tu, bwana, alisema Honi. Aliyekiona cha moto ni Mbio.

Mbio ndiye fundi viatu. Jina alilipata siku hiyohiyo, alipochomoka ukumbini kwa kuliogopa dude akamwacha mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka sita, peke yake kitini. Kisa kinajulikana: alifika mlangoni, akagundua mguu mmoja hauna kiatu, akarudi kukifuata, ndipo akatoka na mtoto. Wenzake hucheka kile kiatu mpaka machozi. Naye hucheka nao, lakini moyoni inamuuma, na leo ilimuuma zaidi, kwa kuwa mdogo wake huyo alikuwa anakuja kumtembelea na hawajawahi kuizungumza siku ile hata mara moja. Maskini, tangu asubuhi alikuwa anashona soli ileile.

Dada huyo akafika na begi lake, akawaamkia wote, akapewa kiti na kahawa. Honi, mdomo wake hauna breki, akamsimulia kisa chote upya, kiatu hakukisahau. Mbio akainamia sindano. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Dada alisikiliza hadi mwisho.

— Kama alirudi kufuata kiatu, aliuliza, mbona tulifika nyumbani anacho kimoja?

Kinyozi akamtazama Honi, Honi akatazama ndani ya kikombe.

— Kiatu kilimtoka alipokuwa ananiruka, alisema dada, kikaniangukia mapajani. Alirudi anapapasa viti, macho kayafumba, analia kunishinda mimi. Aliponishika mkono kikaanguka, wala hakukitafuta. Mama alimchapa kwa kupoteza kiatu. Kwamba niliachwa, hakuwahi kujua. Sikumwambia.

Mbio aliweka soli chini. Ni kweli, alikumbuka sasa: saruji ya baridi chini ya mguu wa kushoto, njia nzima, na kile kiganja kidogo chenye jasho ndani ya chake. Miaka yote hiyo alikumbuka kukimbia tu.

— Nilikuacha, mdogo wangu. Nisamehe.

— Ulirudi, Kaka.

Honi akainua birika awaongezee kahawa. Halikuwa na kitu.

Ng'ambo, mafundi walikuwa wanaingiza viti vipya. Kinyozi akawapigia kelele kuuliza ukumbi unafunguliwa lini. Jumamosi, wakajibu.

— Twende wote, alisema Mbio. Tukae katikati kabisa.

— Twende, alisema dada. Ila vaa viatu vya kamba.