Asubuhi za Bibi Magdalena wa Kinole

Leo Jumatano, tarehe 13 Novemba 1912, tumekusanyika hapa Kinole kumsindikiza mama yetu na bibi yetu, Magdalena binti Kibwana, mfinyanzi.

Alizaliwa kijijini hapa hapa, akaitwa Mosi kwa kuwa ndiye aliyemfungua mama yake kizazi. Mwaka wake haukuandikwa popote, lakini wazee wanakisia ni 1826. Shule hazikuwapo. Bibi yake mzaa mama alimfundisha kuchagua udongo, kuufinyanga na kuchoma vyungu, na vyungu hivyo vilibebwa hadi Kisaki, ambako wanawake walivigonga kwa kidole wakajua ni vya Mosi.

Mwaka 1845 hivi aliolewa na Rehani, mkulima mpole asiye na maneno mengi. Walijaliwa watoto sita; wanne wametangulia, na Rehani mwenyewe alifariki mwaka 1889. Siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1904, alibatizwa Magdalena. Katekista alipomuuliza kama ameyaacha yote ya zamani, alijibu, "Yote, isipokuwa ugoro."

Mwezi Mei 1909 aliteleza akitoka kuchimba udongo, akaumia nyonga. Mfupa haukuunga vizuri, na tangu hapo maumivu hayakumwacha. Sista Maria wa nyumba ya dawa ya misheni alimpa chupa ya dawa ya afyuni, akamwonyesha Yuliana, binti wa Bibi, jinsi ya kuhesabu matone ndani ya maji. Usiku ule Bibi alilala.

Mwanawe, Lukasi, hakupendezwa. Ujanani alikuwa mpagazi wa kwenda Bagamoyo, na huko aliwaona watu walioharibiwa na afyuni, wamebaki mifupa, hata watoto wao hawawajali. Akaificha chupa. "Mama yangu hatakuwa mlevi uzeeni," alimwambia dada yake, na Yuliana alipombembeleza hakusikia.

Siku tatu Bibi hakulalamika, ila chakula hakukigusa. Siku ya nne Yuliana alikuwa shambani, ikawa zamu ya Lukasi kumgeuza mama yake kitandani. Alipomshika tu, alimsikia akisaga meno, machozi yakimtoka bila sauti.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Uliwauliza watu wa Bagamoyo."

Lukasi alitoka nje, akalia nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na chupa mkononi. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyeshuka misheni kila mwezi kufuata dawa, mvua inyeshe, jua liwake.

Lakini Bibi naye alikuwa na lake. Dawa ilimlaza mchana kutwa. Sista Maria alipokuja kumtazama, alimwambia, "Dawa yako nzuri, Sista, ila inaniletea marehemu mume wangu, anakaa hapo mlangoni mchana kutwa na hasemi neno, kama kawaida yake. Nipunguzie ya asubuhi, nikae na walio hai."

Sista alicheka sana, akapunguza ya asubuhi, ya jioni akaiacha kama ilivyokuwa. Maumivu yalirudi kidogo. Bibi alisema hayo anayamudu. Kwa miaka mitatu alizitumia asubuhi zake ameegemea ukuta, akiwafundisha vitukuu kufinyanga, na mwenye haraka alifinywa sikio.

Mwezi uliopita alianza kukohoa na kuishiwa nguvu. Jana asubuhi, Jumanne, Lukasi alikuwa ameshajiandaa kushuka misheni, na Yuliana akampelekea mama yake dawa. Bibi alikisukuma kikombe taratibu. "Leo hapaumi," alisema. "Mwambie Lukasi asiende. Aje akae." Lukasi alikuja, akaketi, akamshika mkono. Jua lilipofika juu ya paa, mkono ule ulikuwa umelegea.

Ameacha watoto wawili, Yuliana na Lukasi, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu tisa, na mdogo wake wa mwisho, Salehe, ambaye habari hii ingali njiani kumfikia huko Kisaki.

Mwenyezi Mungu ampokee mama yetu, na alale salama.